Pikipiki ya marehemu babangu inavuja petroli: nichomelee tangi au nitafute jingine?

Assalaam aleikum fundi,

Nimekusoma muda mrefu ukiwajibu wenye magari, leo nakuletea la pikipiki. Sitakuficha kitu, hata pale nilipojikoroga mwenyewe.

Ni pikipiki ya Kijapani, cc 125, kabureta moja (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa), petroli yashuka yenyewe kutoka tangini bila pampu. Marehemu babangu aliinunua ikiwa tayari imetumika, mimi nikiwa darasa la tatu. Sasa nina watoto wawili wa shule, kwa hivyo umri wake utaupiga hesabu mwenyewe. Mzee alikuwa akiifunika turubai kila jioni. Mimi, baada ya yeye kufariki, niliiacha dakani miaka miwili na petroli nusu tangi. Kwa chumvi hii ya Mombasa, ambapo hata kufuli likikaa msimu mmoja bila kutiwa mafuta halifunguki, nilistahili yaliyonipata.

Kilichoanza ni harufu. Twakaa Mji wa Kale, na pikipiki inalala mlangoni, hatua chache kutoka kwa jirani anayekaanga viazi karai kila baada ya alasiri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini kama maji, na jiko lake la makaa liko chini vile vile. Alinifuata siku moja akaniambia, "Mwanangu, mimi bado nina mkopo wa chama, usinichome kabla sijamaliza." Alicheka, lakini tangu siku hiyo nikawa naisukuma hadi uwanjani na kulipa mlinzi.

Taabu ni kwamba petroli haikai ionekane. Inakauka kabla hujainama, inabaki alama tu, na alama yenyewe si pale inapotokea. Mimi nilikuwa naona doa chini ya gia, rangi ya chai ya mkandaa. Fundi wa kwanza akasema ni gasketi ya kikombe cha kabureta, akaibadilisha. Wa pili akabadilisha paipu, na kusema haki ilikuwa imekakamaa na kupasuka pale inapoingia kwenye koki, kile kifungio cha petroli chini ya tangi. Wa tatu akaikaza koki kwa spana kubwa mpaka akaikata ringi ya mpira iliyo ndani. Wote watatu niliwalipa, na doa likabaki.

Kilichoniamsha ni feri. Mamangu yuko Likoni, nami huvuka mara mbili kwa wiki. Ijumaa moja tuko katikati ya maji, mama mmoja mwenye kikapu cha samaki akapiga kelele, "Petroli! Petroli yamwagika hapa!" Watu wakarudi nyuma, na mimi nikatamani sakafu ya feri ipasuke nizame peke yangu. Mfanyakazi mmoja akanisaidia kuisogeza pembeni, akaniambia kwa adabu nisirudi nayo mpaka itengenezwe. Alikuwa na haki. Tangu hapo kwa mama naenda kwa miguu, maana kuzunguka Dongo Kundu na tangi linalovuja ni wazimu mwingine.

Basi nikaamua kuitafuta mwenyewe. Niliosha kila kitu, nikafuta, nikaacha ikauke kabisa, kisha nikampora mke wangu poda ya mtoto nikaipaka chini ya tangi, kwenye koki, kwenye kabureta yote. Chini nikatandika kadibodi. Petroli ikipita juu ya poda inaacha mstari mweusi, na mstari huo ukiufuata kwenda juu hauna uongo. Baada ya saa moja, koki ikiwa wazi, nikapata mistari miwili. Mmoja ulitoka kwenye mkono wa koki, ule wa ringi iliyokatwa. Wa pili ulitoka kwenye kipaipu cha chini ya kabureta, kile cha kumwaga ziada. Ndipo nikajua kwa nini kila fundi alikuwa sawa kidogo na amekosea sana.

Kipaipu cha ziada kikimwaga, maana yake boya, wengine wanaliita floti, halifungi sindano yake, ile inayoizuia petroli kabureta ikishajaa. Nilifungua kabureta, nikalitikisa boya sikioni: halikuwa na petroli ndani. Nikaigeuza kabureta juu chini ili boya liiegemee sindano, nikapuliza kwa mdomo kupitia njia ya petroli. Pumzi ikapita. Ncha ya sindano ilikuwa na mkwaruzo umeizunguka kama pete. Nikanunua sindano mpya Mwembe Tayari na ringi za koki, nikafunga, nikapuliza tena, pumzi ikagoma. Fundi, nilifurahi kama mtu aliyepata kazi bandarini.

Furaha ilidumu siku tisa. Siku ya kumi kipaipu kikaanza tena tone, tone. Na safari hii nikavuta kijiti cha oili: kiwango kimepanda juu ya alama, na oili yanuka petroli, nyepesi kama maji ya mchele. Kumbe usiku ule niliposahau kufunga koki, petroli ilipitia kabureta ikaingia injini. Niliimwaga yote kabla ya kuiwasha. Mahali hapa nakuomba unihakikishie: oili nimebadilisha mara moja, je, yatosha, au nibadilishe tena baada ya mwendo mfupi?

Nilipofungua kabureta mara ya pili, kwenye kitako cha sindano nikakuta chembe za kutu kama majani ya chai. Nikalishusha tangi, nikalimimina kwenye chujio la kitambaa. Kutu ilijaa kiganja. Nusu ya juu, ile iliyokuwa bila petroli miaka miwili, imeliwa kuliko chini. Halafu, nikisugua rangi kwa msasa karibu na mshono wa nyuma, chuma kikaloa mbele ya macho yangu. Tundu lisilozidi ncha ya sindano ya kushonea. Nililipaka sabuni ya kipande, ile ya kufulia, kwa kuwa petroli haiiyeyushi, na hilo limenisaidia kuifikisha nyumbani, lakini najua ni kiraka cha siku moja.

Sasa nimezungukwa na washauri. Mchomeaji mmoja anasema alete moto, tangi alijaze maji abakishe pengo dogo tu ili mvuke usilipuke. Naona hoja yake, ila nimesikia ya matangi "matupu" yaliyolipuka, nami nina wasiwasi pia kwamba chuma chembamba vile kitatoboka kando ya weldi. Rafiki yangu ananiambia nisafishe ndani kisha nipake gamu ya mirija miwili, ile ya kuchanganya, kwa nje. Wengine wanasema ninunue tangi la pikipiki mpya za sasa, lakini nimelipima moja, mashimo ya kufungia hayalingani, na mimi sitaki kukata fremu ya mzee.

Na mamangu, ambaye husafisha masinia yake ya shaba kwa ukwaju, ananiuliza kwa nini nisiloweke tangi kwa ukwaju au siki. Nilicheka kwanza. Kisha nikafikiri: tindikali ni tindikali. Je, ni kweli itang'oa kutu? Siku ngapi? Na nikishamaliza, nitazuiaje isirudi usiku huo huo, kwa hewa yetu hii?

Jingine dogo: nikitia chujio kati ya koki na kabureta, petroli isiyo na pampu itashuka vya kutosha, au injini itakosa nguvu nikipanda daraja la Nyali?

Mke wangu anataka niiuze kwa vipande. Jibu lako nitamsomea yeye kwanza. Kwa sasa tangi liko darini limeanikwa, mdomo wazi, mbali na jiko, na koki iko ndani ya kikombe cha chai ambacho ameshatangaza hakirudi tena jikoni.

Wako msomaji,
Mwenye Pikipiki ya Mzee, Mji wa Kale, Mombasa