Barua kwa mwanangu kabla hajaingia shamba la watu

Mwanangu Hamza,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Tanga wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jikoni, kisha nikamsikilizisha mjomba wako, na sote tumefahamu jambo lile lile. Mwisho wa mwezi unaaga kazi ya gereji hapo Fort Worth, unapanda pikapu ya mwenzako, mnakwenda kuzunguka Texas kutafuta gari la majaribio lililopotea tangu miaka ya sitini. Gari gani, hutaki kusema. Hata mimi mama yako unanificha, utadhani nikilijua jina lake nitakwenda kulitangaza sokoni Ngamiani. Haya, siri yako kaa nayo. Mimi nina neno moja tu, na nitalirudia mpaka likuchoshe: usiingie shamba la mtu hujakaribishwa.

Zuhura amenitafutia sheria za huko akanisomea. Kumbe Texas mtu akipaka mstari wa rangi ya zambarau kwenye mti au nguzo ya uzio, basi amekwisha kukuambia usipite. Hana haja ya kibao wala maandishi. Umeishi huko, bila shaka unalijua hilo. Je, huyo mwenzako analijua? Na pasipo na rangi hiyo, mwenye shamba akiona kijana mweusi anachungulia banda lake wakati wa magharibi, bunduki iko nyuma ya mlango, unadhani ataanza kwa kukuuliza kama unatafuta gari la zamani?

Unasema habari za Little Red, lile gari jingine lililopotea likapatikana, zinatosha kunituliza. Nimezisoma zote ulizonitumia, na Zuhura akanieleza palipokuwa na Kiingereza kizito. Hazikunituliza. Zimenipa maneno ya kukujibu.

Nilivyofahamu mimi, hilo lilikuwa Shelby GT500 la mwaka 1967, yaani Mustang ya Ford iliyotengenezwa upya na kampuni ya Carroll Shelby, gari la kujaribia mambo. Tena halikuwa na ule mgongo wa kuteremka kama GT500 nyingine. Lilikuwa na paa la kawaida, jekundu, na injini ya inchi za ujazo 428, ambayo kwa hesabu yetu ni lita saba. Wakalifunga supachaja, ile pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi, wakalitesa barabarani, na sura yake ndiyo iliyowapa Ford wazo la ile Mustang ya 1968 waliyoiuza kwa jina la California. Kisha likatoweka. Watu wakasema limepondwa, kwa sababu ndivyo makampuni yalivyozoea kuyafanya magari ya majaribio. Hayana ruhusa ya kuuzwa, na kampuni haitaki kesho ishitakiwe kwa kitu ambacho haikukusudia kimfikie mteja.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Walilitafuta miaka mingi, watu wenye fedha na wenye ujuzi, na hawakulipata. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wameshika namba ya Shelby. Lakini lile gari lilitoka kiwandani kwa Ford likiwa na namba ya Ford, na Shelby akaja kuongeza yake juu. Kundi lililolipata likaiacha ile namba ya Shelby, likatafuta ya Ford. Namba ikawapeleka kwenye usajili wa zamani, usajili ukawapeleka kwa mmiliki wa mwisho, na tarehe 3 Machi 2018 wakalikuta kaskazini mwa Texas, limekaa shambani. Shamba lilikuja mwisho, Hamza. Walipofika walikuwa wanajua wanakwenda kwa nani. Wewe unataka kuanza na shamba, halafu karatasi ndiyo ije baadaye.

Mimi si fundi, lakini nimeuza vipuri katika lile duka tangu hujajua kutambaa. Mteja anaingia anasema nataka bushi za Corolla, namwambia niletee namba ya chesisi. Ananuna, anasema mama, Corolla ni Corolla. Anakwenda, anarudi na bushi mkononi haziingii. Hayo umeyaona kwa macho yako ukiwa umekaa juu ya kreti la soda. Sasa wewe mwenyewe ndiye umekuwa yule mteja.

Tena kusoma namba za Mustang hizo ulinifundisha wewe, na nilikusifu kwa watu wote wa mtaa. Saba ya mwanzo ni mwaka 1967. Herufi R ni kiwanda cha San Jose. Halafu 01 ni lenye paa la kawaida, 02 lenye mgongo wa kuteremka, 03 la paa la kukunja, inafuata herufi ya injini, kisha namba yake lenyewe. Ukanieleza kwamba hizi ndefu za tarakimu na herufi 17 zilikuja 1981, kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na mtindo wake. Na siku ulipomwambia tajiri wako kwamba bati la ndani ya madigadi limebadilishwa na namba imegongwa upya, mteja akaponea kununua gari la uongo, mimi usiku ule sikulala kwa furaha. Kwenye simu nilikuuliza tu kama umekula. Ndivyo nilivyo, unanijua.

Basi kijana mwenye jicho hilo anakwenda kufanya nini vichakani?

Texas ina kaunti 254, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni mali ya watu binafsi. Kila banda utakaloliona ukiwa barabarani lina mwenyewe. Mkiamua kupita moja moja mtazeeka. Na humo ndani ya magari yaliyolala kuna manyigu, kuna nyoka wa njuga, sisemi habari ya sakafu iliyooza ukakanyaga ukazama hadi gotini. Lakini hayo ni madogo. La nyoka kuna dawa hospitali. Namuogopa mwenye shamba. Wewe ni mgeni katika nchi ile hata ukikaa mpaka mvi zikuote, na kesi ya kuvamia mali ya mtu kwa mgeni si kesi ya siku moja. Mwenzako akikamatwa atarudi kwao jioni. Wewe utarudishwa wapi?

Utaniambia: lakini mama, Craig Jackson na kundi lake walilipata Little Red. Mwanangu, Craig Jackson ana nyumba ya mnada, Barrett-Jackson, kule Arizona. Alikuwa tayari analo lile jingine la majaribio, Green Hornet la 1968. Yule akikosa, anarudi mezani kwake biashara inaendelea. Wewe ukikosa, kodi ya chumba iko pale pale, na huyo mwenye nyumba wako hana habari na Shelby.

Halafu kuna hili ambalo hukulitaja, na mimi ndilo lililonishika zaidi. Tuseme mmelipata. Tuseme mwenye nalo amekupokea, amekupa na maji ya kunywa. Akisema siuzi? Zuhura alinionyesha habari za ile Mustang ya kijani aliyoiendesha mwigizaji Steve McQueen kwenye filamu ya 1968. Watu wakiiulizia miaka nenda rudi, kumbe iko kwa familia moja imetulia, mke wa nyumba ile alikuwa akiiendesha kwenda kufundisha shule. Nilipenda sana hapo, nikamwona yule mama na madaftari yake kwenye kiti cha pembeni. McQueen mwenyewe akaandika barua mwaka 1977 akiomba auziwe, akakataliwa. McQueen! Familia ikakaa kimya mpaka Januari 2018 ndipo ikaitoa hadharani, na Januari 2020 ikapigwa mnada Florida kwa dola milioni 3.4, ada za mnada mbali. Sasa kama McQueen alikataliwa, wewe na mwenzako mna nini cha kumshawishi mzee wa watu aliyeliweka gari lake kwa sababu zake? Wengine wameweka kwa sababu ni la marehemu. Huwezi kujua umegusa nini.

Sikwambii usilitafute. Najua sitakuzuia, na mjomba wako naye, badala ya kunisaidia, ameanza kuuliza gari hilo litakuwa na rangi gani. Nakuambia litafute umekaa. Baki kazini, jioni na Jumamosi fuata karatasi. Uliniambia tangu 1994 wana sheria ya kufunga taarifa za wenye magari, huwezi kuingia ofisini ukapewa jina la mtu. Sawa, lakini wako mafundi wazee waliofanya kazi hizo, wako waliokuwa vijana wa kuosha magari wakati ule, wana picha kwenye maboksi na risiti za zamani. Hao wana miaka mingapi sasa? Waendee hao kwanza, maana shamba litakungoja. Kaa nao, wape heshima yao, usikimbilie kuuliza gari. Uliza kazi ilikuwaje. Mtu mzima akipata msikilizaji hufungua hata sanduku alilokuwa amelisahau.

Na likipatikana jina la mtu, andika barua. Piga simu. Asipojibu, andika tena baada ya muda. Akikukaribisha, nenda mchana, nenda na mtu wa pale pale anayejulikana, egesha gari mahali linapoonekana, na usizunguke nyuma ya nyumba hata kama gari unaliona kwa macho yako. Simama mbele ya mlango. Mikono ionekane. Sijui nasema mara ya ngapi, na nitasema tena: usiingie hujakaribishwa.

Kuna jambo nataka kuuliza, halafu silirudii. Kama safari hii ina uhusiano na Peugeot 404 ya baba yako, niambie. Hayo unayajua, siyaelezi upya. Mwaka ule chuma chakavu kilikuwa na bei na ada ya shule ilikuwa ada ya shule, na wewe ulikuwa bwenini, hapakuwa na mtu wa kushauriana naye. Kadi yake ipo. Iko kwenye ile bahasha ya vyeti vyenu, namba ya chesisi na ya injini zote zinasomeka. Zuhura atakupigia picha ukitaka.

Nilifurahi kusoma kwamba huyo Carroll Shelby alikuwa mtu wa huko huko Texas, na kabla ya magari alikuwa mfuga kuku. Kundi la kwanza likampa faida, la pili likafa kwa ugonjwa, akafilisika. Baadaye, 1959, akashinda mbio za Le Mans. Nilimcheka, kisha nikanyamaza, maana hapa mdondo umepita kwa jirani na kutuachia banda nusu. Nilikuwa nimemwambia Zuhura chanjo ya matone ya jicho ni kila baada ya miezi mitatu, yeye akahesabu minne. Waliobaki tumewachanja juzi. Jogoo lile jekundu limepona, na linawika saa nane za usiku, mjomba wako ameomba tulichinje.

Dukani biashara si mbaya. Bodaboda ndio wanaotuweka mjini sasa, ni cheni na taa na vioo kila siku. Yule mzee wa Land Rover bado anakuja kuulizia gasketi na kuondoka bila kununua. Anakusalimia, anasema ukipata kabureta nzuri huko usimsahau. Nimemwambia unafuatilia mambo makubwa kuliko kabureta. Hapo nilijisifu kidogo, nisamehe.

Paa la jikoni linavuja upande wa mashariki. Fundi anataka kubadilisha bati zote, mimi naona tatu zinatosha, na misumari ya zamani ndiyo yenye kasoro. Usitume fedha mpaka ashushe bei, maana akisikia fedha zimetoka Marekani ataongeza na mbao. Zuhura atakupigia kuhusu hilo, mpokelee simu, usimwambie uko kazini kama hauko kazini.

Kabla hujaaga gereji, nataka unitumie jina kamili la huyo mwenzako, namba yake ya simu, na ya mama yake kama anaye. Nataka kujua mama yake anajua nini kuhusu safari hii. Na umuulize tajiri wako kama anaweza kukushikia nafasi miezi miwili. Ulifanya naye kazi vizuri, hatakosa kukufikiria. Ukiona haya kumwomba, mwambie mama ndiye aliyekutuma.

Mama yako,
Tanga