Mchele umefika, sasa leteni watu

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia Oktoba mosi, Siku ya Wazee Duniani, magazeti hujaa picha za watu wakikabidhi magunia ya mchele, madumu ya mafuta na katoni za sabuni kwenye makazi ya wazee: Nunge kule Kigamboni, Fungafunga hapa Morogoro, Kolandoto, Bukumbi, Njoro. Idd na Krismasi ni hivyo hivyo. Hatubezi misaada hiyo, maana inaliwa na inaisha. Tunachoomba ni nafasi ya kueleza msaada ambao hauletwi: watu wa kuwatembelea wazee hao na kuzungumza nao mara kwa mara.

Msomaji ajue kwanza ni nani wanaoishi humo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiachia familia jukumu la kumtunza mzee, na makazi yanakuwa kimbilio la mwisho, kwa asiye na wa kumtunza. Baadhi ya makazi yalianza kama kambi za wenye ukoma, na wapo waliopona zamani lakini vidole na macho yalishaharibika. Mikoa ya mkonge ina waliokuja wakiwa manamba, yaani vibarua wa mashamba hayo, kutoka Kigoma, Burundi au Msumbiji. Mashamba yakafa, wao wakabaki. Kanda ya Ziwa wapo bibi waliokimbia kuitwa wachawi kwa ajili ya macho mekundu, macho ambayo kwa wengi yaliharibiwa na moshi wa jikoni miaka nenda rudi. Wengi wao hawana mtu wa kuja kuwaulizia hali. Wahudumu wanajitahidi, lakini kuogesha, kufua, kulisha na kupeleka hospitali kunaimaliza siku, na mazungumzo yanaishia kwenye "Bibi, meza dawa" na "Babu, geukia huku."

Basi kikundi chochote, kiwe cha kanisa, msikiti, vikoba au chuo, kichague watu sita hadi kumi wenye subira. Kila mmoja apewe mzee mmoja au wawili, na arudi kwa wale wale kila baada ya wiki mbili, kwa miezi sita angalau. Nusu saa inatosha. Zaidi ya saa moja mzee anachoka ila anaona haya kukufukuza. Hata mwenye ugonjwa wa kusahau, ambaye jina lako halitakaa kichwani, huzoea sauti na uso.

Watu arobaini kuja siku moja ni fujo. Wazee hupangwa kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi wakimsubiri mgeni rasmi, chakula cha mchana kinachelewa kwa ajili ya hotuba, na mwenye kisukari aliyekwisha kuchoma insulini anaanza kutoka jasho na kutetemeka. Sukari imeshuka, na yeye yuko mstari wa mbele anapigwa picha. (Kuhusu picha: aulizwe kwanza, mmoja mmoja. Na kabla ya kupokea gunia, si baada.)

Mlango wa kuingilia ni mfawidhi, yaani msimamizi wa makazi. Mwandikieni, mkubaliane siku na saa. Saa nne asubuhi ni nzuri, watu wameoga na kunywa chai. Saa saba hadi tisa wengi wamelala. Jua likikaribia kuzama, baadhi ya wenye kusahau huwa na wasiwasi na kuanza kudai kwamba wanataka kwenda kwao. Mgeni mpya wakati huo anawavuruga zaidi.

Ukifika, shikamoo yako isitolewe ukiwa umesimama mlangoni. Kaa, mtazamane, mwanga uangukie uso wako ili aone midomo ikisema. Punguza mwendo wa maneno na usipige kelele, maana kelele humvurugia maneno mwenye masikio mazito. Na kabla hamjamwita kiziwi, ombeni muuguzi amwangalie kama ana nta. Nta iliyoziba hulainishwa kwa matone siku kadhaa, kisha ikasafishwa zahanati. Msichokonoe kwa njiti, wala msitie chochote kwenye sikio linalotoa usaha. Wapo waliohesabiwa viziwi kwa miaka, kumbe ni nta tu.

Msiulize "unanikumbuka?" Huo ni mtihani, na akishindwa atanyamaza. Taja jina lako na ulikotoka, kisha uliza kuhusu kazi: mkonge ulikatwaje, pamba ilipimwaje, dagaa walivuliwa usiku gani. Mtu aliyesahau alichokula asubuhi anaweza kukueleza mzani wa pamba kwa nusu saa. Kama Kiswahili kinamponyoka na anarudi kwenye Kiha au Kisukuma, tafuteni kijana anayekijua, vyuoni hawakosekani. Utani nao usidharauliwe. Mnyamwezi akiletewa Mzaramo wa kumtania, hata aliyekuwa hataki kula huanza kudai chakula chake kabla mtani hajakila.

Zawadi ndogo hushinda magunia. Kipira cha chini ya mkongojo kikilika, mkongojo huteleza kwenye sakafu ya saruji yenye maji, na nyonga ikivunjika kwa mzee wa miaka themanini mara nyingi ndiyo mwisho wa kutembea. Leteni vipira. Leteni betri za redio, nepi za watu wazima, miwani ya kusomea ya namba mbili hadi tatu, ukili kwa wanaosuka, mbegu za mchicha kwa anayetaka kushika jembe. Biskuti ngumu hazifai kwa asiye na meno. Unga wa uji unafaa. Ugoro hauletwi na mfadhili yeyote, ingawa wapo wanaouwaza kuliko nyama.

Mambo matatu yanaharibu kazi hii. La kwanza ni ahadi. Mzee akiambiwa "nitakuja Jumamosi" huvaa tangu asubuhi. Usipoweza, piga simu kwa mfawidhi aambiwe. La pili ni kumtafutia mtu ndugu bila kumuuliza. Aliyekimbia kijiji kwa tuhuma za uchawi anaweza kuogopa hao hao mnaotaka kuwapatanisha naye. La tatu ni kuficha msiba. Jirani wa kitanda amefariki usiku, asubuhi shuka limetandikwa upya, na wenzake hawaambiwi kitu kwa hofu ya kuwasumbua. Wanajua. Waambiwe, na wanaoweza wapelekwe makaburini wakatupe udongo.

Mgeni anayerudi huona mabadiliko mapema. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msiseme ni uzee: huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, au hanywi maji. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Anayejitenga taratibu, hataki kula, halali, hataki kuoga, na hali hiyo ikazidi wiki mbili, huenda ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nao unatibika.

Kuna suala la fedha mkononi. Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo. Mtu mzima anayeomba shilingi mia tano ya ugoro hujisikia mtoto. Mpaka serikali ifike huko, vikundi vinaweza kuweka kiasi kidogo kwa kila mzee, kiandikwe kwenye daftari la mfawidhi na kitolewe mzee anaposema anataka nini. Msimpe kwa siri chini ya mto. Zikipotea, ugomvi utawaangukia wahudumu.

Kwa wizara inayoshughulikia wazee tuna ombi moja jepesi: kila mzee awe na ukurasa mmoja kwenye jalada lake unaotaja anapenda kuitwaje, lugha, dini, kazi aliyofanya, asichokula, sikio linalosikia vizuri na nani aarifiwe akiugua. Mhudumu mpya au mgeni ausome kabla ya kuingia bwenini.

Nawe Mhariri, ungetusaidia kwa kuwapigia simu wafawidhi mwezi Septemba na kuchapisha mahitaji yao kama walivyoyataja wenyewe, kabla magunia hayajanunuliwa.

Wauguzi na maofisa ustawi wa jamii wastaafu,
Morogoro