Risala ya Wanawake Wakulima kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Chakula Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya ya Kilombero. Waheshimiwa madiwani, watendaji, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Shikamooni wazee. Karibu sana, Mheshimiwa, na ahsante kwa kuacha shughuli nyingi ukaja kuketi nasi leo, 16 Oktoba.

Mheshimiwa, kutoka daraja la Ruaha hadi Mang'ula umeona miwa kandokando ya barabara. Hatukuja kuulaumu muwa. Umeezeka nyumba zetu bati, umesomesha watoto, na wengi wetu ni wanachama wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima wa miwa. Kinachotutia hofu ni kwamba sasa umeshuka hadi mabondeni, kwenye tindiga, ardhi chepechepe tulizorithi kwa ajili ya mpunga.

Mpunga tukiupanda Desemba au Januari, mwezi wa tano au wa sita tunavuna. Magunia yanaingia ndani, na mama anajua haya ya kula, haya ya mbegu, lile la kuuza shule zikifunguliwa. Muwa unasubiriwa karibu mwaka mzima, na ukikatwa unachipua tena miaka kadhaa, kwa hiyo aliyeupanda hawezi kurudi kwenye mpunga msimu ujao. Malipo huingia kwa mkupuo kwenye akaunti ya aliyeandikishwa, na mara nyingi aliyeandikishwa ni baba. Ikifika Januari fedha zimekwisha. Wapo wenzetu waliokuwa wakiuza mpunga kwa magunia ambao siku hizi hupanga foleni mashineni kununua chenga, maana mchele mzima hawaumudu. Mheshimiwa, hili linatokea katika bonde linalopeleka mchele Dar es Salaam! Linatuuma sana.

Tena mvua zikizidi malori hukwama, miwa iliyokwisha kuchomwa moto tayari kwa kuvunwa hulala shambani, utamu hushuka na malipo nayo hushuka. Mwenye magunia ndani mwaka huo watoto wake wanakula.

Mheshimiwa, tunaomba vijiji visaidiwe kutumia Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, mikutano mikuu ikae na kutenga mabonde yenye maji yawe ya mpunga, miwa ibaki maeneo ya juu. Maji ya milima ya Udzungwa yanatupitia. Skimu ya umwagiliaji ya Mkula imeonyesha yanavyoweza kumwagilia mpunga, nasi tunaomba mifereji. Mbegu ya mpunga ya SARO 5 itufikie kabla ya mvua, kwani watafiti wa TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, tunao hapa hapa Ifakara.

La mwisho, na ndilo tunalolisisitiza kuliko yote: shamba la familia lisibadilishwe kutoka mpunga kwenda miwa mpaka mke naye ametia saini, na jina lake liwemo kwenye akaunti ya malipo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.