Ukaguzi wa matufe kabla ya mechi

Habari zenu wanachama. Baada ya manung'uniko ya raundi iliyopita kuhusu matufe, kamati imeamua kwamba matufe yote ya bowling (mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha pini) yatakaguliwa kabla ya mchezo kuanza, na tutaanza na ya wanakamati. Si haki mgeni akaguliwe huku bingwa akipita tu.

Tunafuata kanuni za USBC, chama kinachosimamia bowling Marekani. Uzito usizidi pauni 16. Tangu 2020 tundu la ziada la kusawazisha uzito, lisiloingizwa kidole, haliruhusiwi, na hapa ndipo wengi hunaswa bila kukusudia: anayerusha bila kuingiza kidole gumba hatakiwi kuwa na tundu la gumba, kwa sababu matundu ni ya kushikia tu. Fundi anaweza kuliziba. Kufuta tufe kwa dawa ya maji mechi ikiendelea pia hapana. Taulo kavu ruksa.

Tufe lako likikataliwa, utatumia la ukumbi na utacheza. Hakuna atakayeitwa mdanganyifu. Ukiwa na shaka na tufe la mwenzako, mwone msimamizi faragha kabla ya mchezo. Tafadhali tusirushiane maneno humu. Wenye matufe ya zamani, nitumieni picha mapema tuangalie pamoja.