Kabla ya Kuvua Vyeo, Tuangalie Nani Anavuliwa Kwanza

Ndugu Mhariri,

Nakuita Mhariri kwa sababu uko kazini. Tukikutana harusini sijui nitakuitaje, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Vijana wengi siku hizi wanamcheka mtu anayebeba "Dokta", "Profesa" au "Wakili" hadi msibani na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wanataka tuvivue vyeo hivyo nje ya kazi, tuitane majina tu. Nawaelewa. Mimi ni mhandisi, na niliwahi kukaa kwenye kikao cha wazazi kilichomaliza nusu saa nzima kwa kutambulishana vyeo, ilhali tulichoitiwa ni bomba la choo cha shule lililokuwa likivuja. Wahandisi tulikuwa wawili. Hakuna aliyeinuka kwenda kulitazama.

Wapo waliokwisha kuvivua vyeo hivyo. Sweden, hadi miaka ya 1960, kumwambia "wewe" mtu usiyemzoea kulionekana utovu wa adabu. Ulimsemesha kwa cheo chake kana kwamba hayupo: "Je, daktari atakunywa kahawa?" Mwaka 1967 Bror Rexed, alipoanza kuongoza mamlaka ya tiba ya nchi hiyo, aliwaambia wafanyakazi wake kwamba atawaita kwa majina yao, nao wamwite Bror. Mambo yalikwisha kuanza kulegea kabla yake, lakini yeye ndiye anayekumbukwa.

Ujerumani ni kinyume. Huko mwenye shahada ya uzamivu anaruhusiwa kuandikiwa "Dr." hadi kwenye kitambulisho na pasipoti. Sasa cheo kikishakuwa vazi la kutokea mtaani, wa kukiiba hawakosi: mwaka 2011 Waziri wa Ulinzi, Karl-Theodor zu Guttenberg, alijiuzulu baada ya kubainika kwamba tasnifu yake ilikuwa imejaa maneno ya watu wengine ambao hakuwataja.

(Kioja kiko Uingereza. Daktari akifuzu upasuaji anaacha "Dokta" na kurudia "Bwana" au "Bi", mabaki ya enzi ambazo mpasuaji na kinyozi walikuwa chama kimoja. Leo "Bwana" huyo anatembea kifua mbele kuliko "Dokta". Kumbe hata kuvua kuna maringo yake.)

Kwa hiyo sipingi kuvua. Ninachouliza ni foleni ya kuvuliwa inaanzia kwa nani.

Tuliwahi kuletewa kadi ya mwaliko iliyoandikwa "Mhandisi na Mkewe". Mume wangu ni mwalimu wa historia. Aliigeuza kadi mara mbili, akaniuliza kama amehitajika kujenga daraja au kula tu. Tulicheka sana. Lakini aliyeiandika alijua vizuri kwamba nyumba hii ina mhandisi. Kilichomshinda ni kufikiri kwamba mhandisi huyo anaweza kuwa mke.

Na si kadi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulichunguza jinsi wazungumzaji wanavyotambulishwa kwenye mihadhara ya madaktari katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani. Wanaume walipomtambulisha mwanamume mwenzao, walimwita kwa cheo karibu mara 72 katika kila 100. Walipomtambulisha mwanamke, mara 49. Hapo ni kazini, mbele ya wenzake wa fani moja! Huko nje itakuwaje? Desemba 2020 mwandishi mmoja katika gazeti la Wall Street Journal alimshauri Jill Biden, mke wa rais mteule wa Marekani wakati huo, aache kujiita Dokta kwa kuwa si tabibu, ingawa ana shahada ya uzamivu ya elimu, na neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini *docere*, kufundisha. Ni wanaume wangapi wa uzamivu wamewahi kupewa ushauri huo gazetini?

Kijana anayesema "tuitane majina tu" ana nia njema. Ila mzee mwenye mvi ataendelea kuitwa Profesa hata akikataa, kwa sababu watu wamezoea. Atakayeitwa jina tu ni binti aliyehitimu jana, ambaye hata hicho cheo bado hajakizoea mwenyewe.

Ukiichapa barua hii, Mhariri, mimi niandike jina tu, bila cheo. Lakini kama barua itakayokaa jirani na yangu imetiwa saini na Dokta fulani, tafadhali nirudishie uhandisi wangu.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi