Ng'ombe hafungui banio

Ndugu Mhariri,

Kila mto Ruaha Mkuu unapokauka tunaambiwa ni mabadiliko ya tabianchi, au ni ng'ombe wa wafugaji. Sikatai kwamba mvua zimevurugika. Ila mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima hadi ulipokatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na tangu hapo kukauka kiangazi kumekuwa desturi yake. Mvua haiwezi kubeba lawama hiyo peke yake.

Oktoba moja nilipita kwenye skimu ya mpunga huko Usangu, bonde la juu ya hifadhi linaloulisha mto huu. Mavuno yalikwisha zamani. Majarubani yalibaki mabua na yangeyange. Lakini banio, lango la kuchepushia maji ya mto kwenda mferejini, lilikuwa wazi, maji yanamwagika shambani, yanatuama, yanaishia juani. Nikamwamkia mzee mmoja aliyekuwa akinawa miguu mferejini, nikamuuliza mbona hawafungi. Akacheka.

"Mwanangu, tukifunga sisi, wa banio la chini watayachukua hayohayo. Bora yapotelee kwetu."

Nilikosa jibu. Na mpaka leo sidhani yule mzee alikuwa mjinga.

Maji yale yangefika kinamasi cha Ihefu, yakatoka Ihefu kuingia mtoni, yakawafaa viboko wanaobanana siku hizi kwenye vidimbwi vya tope, kisha mabwawa ya umeme, Mtera na Kidatu. Mwaka 2006, kina cha Mtera kiliposhuka, tulikaa gizani kwa mgawo wa umeme, na tumesahau upesi mno. Anayepiga pasi Dar es Salaam ana mguu mmoja kwenye mfereji wa Usangu, hajui tu. Wafugaji waliondolewa bondeni na mifugo yao, na mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto ukaendelea kukauka. Ng'ombe anakanyaga na kunywa, sawa, lakini hafungui banio.

Anayedhani nakuza mambo aende Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Atakuta mabaki ya mifereji na matuta ya mawe kwenye eneo la hekta zipatazo 2,000, kazi ya wakulima walioishi pale kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi. Kijiji baada ya kijiji, vyote vilihamwa. Wataalamu bado wanabishana nini kiliwaondoa, ila kupungua kwa maji hakukosi kutajwa. Wale angalau walikuwa na pa kuhamia. Sisi mchele, umeme na utalii tumevifunga kwenye mto mmoja.

Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inadai kibali kwa anayechepusha maji. Vizuri. Lakini kibali ni karatasi, na karatasi hailali bondeni usiku. Naomba wanaosimamia maji ya bonde hili wanijibu kupitia gazeti lako: kuanzia Agosti hadi Novemba, mpunga ukiwa ghalani, ufunguo wa banio anashika nani?

Msomaji wako,
Iringa