Barua kwa Deusi kuhusu mchezo wa redio wa mwaka 1938

Kirumba, Mwanza

Mpendwa rafiki yangu Deusi,

Salamu nyingi zikufikie wewe pamoja na shemeji na watoto huko Bukoba. Sisi huku hatujambo. Ule mchezo wa redio ulionitumia, The War of the Worlds, unaosimulia viumbe kutoka sayari ya Mirihi wakiivamia Dunia, nimeusikiliza mpaka mwisho, na kwa kuwa uliniomba maoni ya msikilizaji wa kawaida, nakuandikia yale yaliyonigusa na yale yaliyonichosha.

Nilitarajia mizinga na mayowe tangu mwanzo. Badala yake, baada ya utangulizi mfupi, nilipokewa na taarifa ya hali ya hewa, kisha muziki wa dansi kutoka hotelini. Mara mtangazaji akaukatiza muziki huo kwa sauti tulivu kueleza kwamba wataalamu wa nyota wameona milipuko ya gesi katika sayari ya Mirihi, halafu muziki ukaendelea kana kwamba hakuna jambo. Hapo ndipo ufundi wa Howard Koch, aliyeandika mchezo, na wa Orson Welles, kijana wa miaka 23 aliyeuongoza na kuigiza nafasi ya Profesa Pierson, ulipoanza kunishika. Hakuna anayekuamuru uogope. Unaletewa habari vipandevipande, nyingine zikiwa zimekatika katikati, na kazi ya kuviunganisha unaachiwa wewe.

Sehemu iliyonikaa zaidi moyoni ni ile ya mwandishi wa habari Phillips aliyesimama shambani Grover's Mill, jimbo la New Jersey, akieleza jinsi kile chombo kilichoanguka kutoka angani kinavyofunguka. Sauti yake inapanda, anahangaika kutafuta maneno, watu wanapiga kelele nyuma yake, moto unakuja upande wake, kisha kimya. Hasikiki akianguka, wala akilia. Kimya hicho hakichukui muda mrefu, lakini mimi nilijikuta nikitazama simu kujua kama imezimika. Baadaye mtangazaji wa studio anaomba radhi kwa kukatika kwa matangazo, na tunapigiwa kinanda. Kinanda, Deusi, wakati watu wanaungua! Nimesoma kwamba mwigizaji wa nafasi hiyo, Frank Readick, alijiandaa kwa kusikiliza rekodi ya Herbert Morrison, mtangazaji aliyeshuhudia Hindenburg, chombo kikubwa cha abiria kilichoelea angani kwa gesi, kikiteketea mwezi Mei 1937. Nadhani ndiyo sababu woga wake hauna madoido.

Nilimsikilizisha shangazi kipande hicho huku nikimfasiria. Alisikiliza kwa muda, kisha akaniambia nizime, kwa sababu ndivyo habari za kuzama kwa meli ya MV Bukoba zilivyowafikia Mei 1996: kwanza kwamba meli imechelewa, kisha kwamba imelala ubavu, kisha redio ikaendelea na mambo mengine huku watu wakimiminika bandarini kuuliza. Sikubishana naye, nikazima. Lakini maneno yake yalinionyesha kile ambacho mchezo huu unakijua vizuri, kwamba msikilizaji hutishwa zaidi na namna habari inavyofika kuliko na dude lenyewe. Hayo madude ya Mirihi, yakielezwa kwa kirefu, karibu yanichekeshe.

Kuna kipande kingine nisingependa kukipita. Jiji la New York limekwisha kufunikwa na moshi wa sumu, mtangazaji wa mwisho amenyamaza juu ya paa la jengo, na inabaki sauti ya mtu mmoja wa simu ya upepo akiita, akiuliza kama kuna yeyote hewani. Hajibiwi. Mchezo ungeishia hapo ningeridhika kabisa.

Hauishii hapo, na nusu ya pili imenipwaya. Profesa Pierson anatembea peke yake akisimulia, na kwa kuwa sasa ni masimulizi tu, ile hila ya taarifa ya habari imetoweka. Ninayemtetea ni yule askari anayekutana naye njiani, mwenye ndoto ya kuishi chini ya ardhi, kuziteka mashine za wageni na kuwatawala binadamu wenzake. Huyo alinitia hofu kuliko wageni wenyewe. Nao wageni wanauawa na vijidudu ambavyo miili yao haikuvizoea. Wapo wanaouona mwisho huo kuwa mwepesi mno. Kwetu tuliokulia kandokando ya ziwa, tukijua kichocho na malaria, hauna wepesi wowote.

Sasa nije kwenye shauri lako la kuandika mchezo wa namna hii kwa Kiswahili. H. G. Wells, katika kitabu chake cha mwaka 1898, aliwashusha wageni Uingereza; Koch akawahamishia New Jersey, na mwenyewe alisimulia kwamba alipata Grover's Mill kwa kufumba macho na kudondosha penseli juu ya ramani. Usiniletee New Jersey. Niletee Kigongo, Nansio, Bwiru, na zaidi ya majina, niletee jinsi habari zinavyotembea kwetu siku hizi: ujumbe wa sauti unaosambazwa na mtu asiyejulikana, simu ya ndugu inayokatika, mtangazaji wa redio ya mkoa anayeomba wananchi watulie kabla hajasema watulie kwa lipi. Wavuvi wa dagaa ndio wawe wa kwanza kuona, kwa maana wao ndio wanaokesha ziwani na taa zao, na asubuhi mwalo wote usiwaamini.

Ukimaliza onyesho la kwanza, nitumie kwa sauti, usinitumie maandishi. Nitamsikilizisha shangazi kwanza, akiniambia nizime nitakuarifu.

Wako,
Masalu